TAHARIRI: Tiba Imfuate Mzee Kitandani Kwake



Behewa likitoka relini hapa kilimani, hakuna hata mmoja wetu atakayesema likokotwe vivyo hivyo mpaka karakana ya Nairobi likatengenezwe huko. Gengi la ajali huja na jeki na magogo yake, likalirudisha juu ya reli pale pale lilipoangukia, ndipo watu wakatazama kama laweza kuendelea na safari au lahitaji karakana. Jambo hili hata mtoto aliyezaliwa katika landi analijua. Lakini mzee wetu akianguka usiku twafanya kinyume. Twamnyanyua kama gunia, twamkokota mpaka barabarani, twasimamisha motokaa yo yote ipitayo, na tiba twaitazamia huko mbele, zaidi ya kilomita 50, Eldoret.

Mwezi uliopita tulimzika mzee mmoja aliyekuwa nyapara wa gengi katika sehemu hii. Watoto wake wametupa ruhusa kusema habari zake, ila jina hatuliandiki. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Jioni ile alimeza vidonge vyake kama alivyoagizwa, lakini chakula hakukila, alisema hana hamu. Yapata saa nne za usiku mkewe akamwona anatokwa na jasho jingi, na baridi yote hii ya Timboroa, na maneno yake hayana mpango. Akatuita. Tulifika watu watatu, wote wa Reli. Mmoja wetu akasema ni malaria. Mwingine akasema, kwa aibu tunaandika, kwamba mzee amekunywa. Wakati huo mzee alikuwa bado akiitwa anaitika, na kikombe cha maji alikishika mwenyewe akanywa. Tukaenda kutafuta gari. Baada ya saa moja na nusu tukapata lori la viazi, tukamlaza juu ya magunia, tukateremka naye kupitia Burnt Forest.

Alipofika hospitali hakuweza kuitika tena. Muuguzi alimchoma kidole, akatazama kipimo, akampa maji ya sukari katika mshipa, na haikupita robo saa mzee akafumbua macho akauliza kofia yake iko wapi. Basi dawa ilikuwa sukari. Na nyumbani kwake, tulipokuwa tukimtoa, kopo la sukari lilikuwa juu ya meza, nasi tulilisogeza ili tupate njia ya kupita.

Lakini zile saa za baridi juu ya magunia zilikwisha kumdhuru. Kichomi kilimshika, na siku ya 11 akafariki. Kosa hili hatulitupi juu ya hospitali wala juu ya mwenye lori, ambaye hakutaka hata senti. Ni letu sisi watatu. Hatukujua, na hapakuwa na mtu wa kuuliza.

Kwa sababu hiyo mwezi huu tahariri haisemi juu ya mishahara wala juu ya sare. Yatupasa kusema juu ya matibabu ya haraka kwa wazee mahali wanapokaa.

Ziko nchi ambako wazee wengi hukaa katika nyumba kubwa za kulelewa. Kwetu nyumba hizo ni chache. Nairobi iko Nyumba ya Wazee ya Masista Wadogo wa Maskini, na Unguja ziko nyumba za Sebleni na Welezo. Mstaafu wa Timboroa anakaa katika chumba chake, au katika shamba lake dogo la viazi, pamoja na mke wake na mjukuu mmoja anayesoma. Hiyo ndiyo nyumba yake ya kulelewa, na mjukuu yule ndiye muuguzi wake. Aliyeingia kazini mwaka 1977, mwaka ule Reli ya Afrika Mashariki ilipovunjika, akiwa kijana wa miaka 20, sasa anakaribia miaka 70. Walioachishwa kazi mwaka 2006, Reli ilipokodishwa kwa kampuni, nao wengi wameota mvi. Wazee wanatuambia kwamba zamani zile Reli ilikuwa na madaktari na zahanati zake yenyewe. Sisi vijana hatukuziona, kwa hiyo hatutazililia sana, ila twaona kwamba wakati ule wenye mamlaka walielewa kuwa mtu wa Reli anakaa mbali na mji.

Mambo haya si ndoto za watu wa Timboroa. Huko Halifax, katika jimbo la Nova Scotia nchini Kanada, tangu mwaka 2011 wako wahudumu wa gari la wagonjwa waliofundishwa zaidi ya wenzao, na kazi yao ni kwenda katika nyumba za wazee pale mzee anapougua ghafula. Wanampima kitandani, wanazungumza na daktari kwa simu, wanashona kidonda, wanatoa dawa, na kama hakuna haja ya hospitali wanamwacha mzee katika kitanda chake. Sababu zao ni zile zile tunazoziona sisi. Mzee sana akitolewa usiku kupelekwa mahali pa taa kali na sura ngeni, akili yake huchafuka, hawajui tena watu wake, na wakati mwingine haimrudii sawasawa. Akilala siku nyingi bila kugeuzwa anapata vidonda vya mgongo. Na hospitali ni mahali pa wagonjwa, kwa hiyo mzee aweza kuingia na ugonjwa mmoja akatoka na mwingine. Kanada ni nchi tajiri, twajua. Lakini sukari katika kikombe cha maji si mali ya matajiri.

Tena iko sheria. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Wengi wetu tulidhani maana yake ni kwamba mlango wa hospitali usifungwe. Kumbe Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaeleza zaidi, kwamba matibabu hayo ya dharura ni pamoja na huduma apewayo mgonjwa kabla hajafika hospitali. Someni tena maneno hayo. Ikiwa sheria inahesabu huduma ya njiani na ya nyumbani kuwa ni haki, basi mzee aliyelazwa juu ya magunia ya viazi alinyimwa kitu kilichokuwa chake, wala si kwamba alikosa bahati. Mwaka 2023 ikapitishwa Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi, ambayo inafunga hospitali, vituo vya afya, zahanati na vikundi vya afya vya vijijini katika mtandao mmoja, na kutaka wauguzi na madaktari watoke wawafuate watu. Chama chetu kina haki ya kuuliza ni siku gani watu hao watapanda huku kwetu.

Tukija kwenye kilima chetu chenyewe, yako mambo ambayo mtu wa Kisumu au wa Mombasa hawezi kuyajua. Njia yetu ya reli inapita juu kuliko zote katika Kenya, futi 9,136 juu ya bahari pale kileleni. Hapa uzito wa hewa umepungua kwa zaidi ya robo kuliko pwani. Kijana haoni shida, lakini mzee mwenye mapafu yaliyochoka, aliyevuta moshi na vumbi la kokoto miaka 30, hana akiba yo yote. Kiko kifaa kidogo kinachobana kidole na kuonyesha kiasi cha oksijeni katika damu. Hata mtu mzima wa afya akikaa huku juu, hesabu yake huwa chini kidogo kuliko ya mtu wa pwani. Kwa hiyo mgeni akija na kifaa hicho usiku wa ugonjwa, asipojua hesabu ya kawaida ya mzee huyu, aweza kutishika bure, au aweza kutulia mahali pa kutishika. Ingini kila moja ina daftari lake, na dereva hapokei ingini bila kulisoma. Mzee naye awe na kadi yake, imetundikwa nyuma ya mlango: magonjwa yake, dawa zake na saa za kuzimeza, presha yake akiwa mzima, hesabu ya kidole chake akiwa mzima, namba yake ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, na simu ya mtoto wake.

Na liandikwe pia neno moja ambalo watu wanaogopa kuuliza. Mzee mwenyewe anataka nini? Wako wanaosema, nikizidiwa nipelekeni po pote nipone. Wako wengine waliokwisha kuugua sana, wanasema wazi kwamba hawataki kufia barabarani, wanataka maumivu yapunguzwe na mkono wa mtu wao uwe karibu. Kumwuliza mtu jambo hili si kumtakia kifo, ni heshima. Na aulizwe akiwa na nguvu zake, wala si saa nane za usiku.

Jambo jingine la kilima ni jiko. Baridi ya mwezi wa Julai inajulikana. Mzee analetewa jiko la makaa chumbani, mlango unafungwa, dirisha linazibwa kwa gunia, na asubuhi anaamka na kichwa kizito na kichefuchefu, au haamki. Watu wakasema ni presha. Hewa ya makaa haina harufu, tena inaua. Ukikuta watu wawili katika chumba kimoja wanaumwa kichwa pamoja na jiko lipo, usipoteze wakati kubahatisha ugonjwa: fungua mlango, watoe nje wapate hewa safi, ndipo uite msaada, maana huyu anahitaji oksijeni. Tunaomba sana jiko litolewe nje kabla ya mzee kulala, na badala yake apewe chupa ya maji moto iliyofungwa katika kitambaa.

Mzee akishikwa na kichomi huenda asiwe na homa kabisa. Mara nyingi alama ya kwanza ni kwamba anachanganyikiwa, hataki kula, na pumzi yake inakwenda mbio. Watu wanasema ni uzee. Mwenye kuhesabu pumzi zake kwa dakika moja, na kuona kwamba zimezidi sana zile zilizo katika kadi, amefanya kazi ya maana, maana dawa ikianza siku ile ile katika zahanati yaweza kumwokoa asiende mbali. Na yule wa sukari, akiwa macho na aweza kumeza, apewe maji yenye sukari nyingi mara moja, kisha alishwe chakula na akeshewe, kwa sababu vidonge alivyomeza bado vinafanya kazi tumboni na sukari yaweza kuteremka tena. Asiyeweza kuamka asitiwe kitu kinywani, atapaliwa. Huyo alazwe kwa ubavu, na mwenye ujuzi aitwe upesi.

Hapa tumesikia watu wakinung'unika. Wanasema, basi Chama kinataka maskini watibiwe nyumbani kwa vikombe vya sukari, na hospitali zibaki kwa wenye motokaa. La, hasha. Mzee ambaye uso wake umelegea upande mmoja, mkono haunyanyuki na maneno yamekatika, huyo ni kiharusi, na hakuna mtu wa kijijini awezaye kumtengeneza. Aende katika hospitali kubwa kama ile ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Eldoret, tena upesi, na anayempeleka aandike saa ya mwisho mzee alipoonekana mzima, maana daktari ataiuliza. Aliyevunjika nyonga naye ataenda, lakini asivutwe kusimamishwa kama tunavyozoea, na miguu ifungwe pamoja juu ya mto kabla ya kumwinua. Maumivu ya kifua na damu isiyokatika ni vivyo hivyo. Tunachotaka ni kwamba mtu afike kwanza kitandani, mtu anayejua, aseme huyu atibiwe hapa na huyu asafiri, na yule wa kusafiri asafiri akiwa amekwisha kusaidiwa.

Ni nani huyo mtu anayejua? Mwezi wa Septemba 2023 Serikali iliwapa mifuko ya kazi wahudumu wa afya wa vijijini, zaidi ya 100,000 katika nchi nzima. Ndani ya mfuko mna kipimo cha presha, kipimo cha sukari, kipimo cha joto na mizani. Kwa hiyo kile kipimo kilichomwokoa mzee wetu kwa robo saa kule hospitali, mfano wake umekwisha kufika vijijini. Usiku ule hakuna hata mmoja wetu aliyemkumbuka mama anayekaa nyuma ya soko, mwenye mfuko huo. Twakiri.

Lakini sisi ni watu wa chama cha wafanyakazi, na hatuwezi kuona kazi tukanyamaza juu ya ujira. Wahudumu hawa walipangiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Serikali ya Taifa na nusu kutoka kwa Kaunti. Fedha hizo zikichelewa, mama yule anabisha milango ya wagonjwa kwa viatu vyake mwenyewe. Hatuko tayari kumwongezea kazi ya usiku halafu tumwambie Mungu atamlipa. Kama ataitwa usiku alipwe kwa usiku, na asindikizwe na watu wawili, na vibati vya kile kipimo cha sukari visipungue. Mfuko usio na vibati ni mfuko wa maonyesho.

Liko neno la mpaka pia. Mji wetu umekaa pale Uasin Gishu inapokutana na Baringo. Ukiita gari la wagonjwa, swali la kwanza lisiwe mgonjwa yuko upande gani wa barabara. Reli haikujengwa kwa kata wala kwa kaunti. Tutawaandikia wakubwa wa afya wa pande zote mbili barua moja, yenye maneno yale yale, na kuwaomba wapatane juu ya gari moja na namba moja ya simu kwa watu wote wa kilimani. Katika zahanati iliyo karibu tunataka mtungi wa oksijeni uliojaa na mtu wa zamu awezaye kuufungua. Tumepata kusikia habari za mtungi uliojaa uliofungiwa katika stoo, na ufunguo umekwenda harusini. Mahali hatupataji, wenyewe watajijua.

Kwa mwajiri tuna dai ambalo halihitaji maneno mengi. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inataka mahali pa kazi pawe na sanduku la huduma ya kwanza na watu waliofundishwa. Waliofundishwa hapa ni wachache mno. Tunataka afundishwe angalau mtu mmoja katika kila gengi na katika kila zamu ya stesheni. Mtu huyo hatasahau ujuzi wake akivua kofia ya kazi jioni, na jirani yake ni mzee.

Wako wanachama waliouliza kwa nini fedha za tawi zitumike kwa watu wasiolipa ada tena. Twawajibu kwa upole, lakini twawajibu. Mgomo wa Reli wa Novemba 1959 haukufanywa na sisi. Likizo unayokwenda, na haki ya kuketi mezani na mwajiri, zilidaiwa na watu ambao wengine wamekwisha kuwa mavumbi, na waliobaki wamelala katika vyumba vile unavyopita kila asubuhi ukienda kazini. Na fedha zenyewe ni kidogo: kununua kadi ngumu za kuandikia, kifaa kimoja cha kubana kidole, kipimo kimoja cha sukari na vibati vyake, blanketi nne nzito, na machela ya kukunja ili tusilaze mtu tena juu ya magunia. Mwekahazina amepiga hesabu, ataisoma mbele yenu.

Wazee wenyewe nao wana kazi moja. Mwenye kuhitaji kuandikishwa katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyoanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 mahali pa ile bima ya zamani, aandikishwe sasa akiwa mzima. Tumeona watu wakitafuta kitambulisho chini ya godoro huku mgonjwa anakoroma. Vijana wenye simu nzuri wawasaidie, bila kuomba chai.

Tawi litakutana Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada, katika banda la gengi. Kila mwanachama alete majina ya wazee wanaokaa karibu naye, wanaume kwa wanawake, waliokuwa wa Reli na wajane wao, na majirani wasio wa Reli pia. Kabila lisiandikwe. Timboroa twajua sote kuulizana kabila kulituletea nini mwaka 1992 na tena mwaka 2008. Iandikwe nyumba iko wapi na njia ya kuingilia usiku, kama kuna mbwa, na ni nani mwenye ufunguo. Yule mama mwenye mfuko tumemwalika, naye amekubali kuja kutuonyesha jinsi ya kuchoma kidole na kusoma hesabu. Wale watatu wa usiku ule wataketi mbele, nao ndio watakaochomwa kwanza.

Katibu wa Tawi, Timboroa